Lita Arobaini kila Wiki

Mama Mwadi hakutuita kwa ajili ya harufu.
Alituita kwa ajili ya maharage:
yalichemka tangu alfajiri, yakamaliza makala,
yakaiva, yakapendeza, na watoto wakayatema.
"Ninakula pikipiki," alisema kitindamimba,
na sisi wa maabara, wenye vyeti na glavu,
hatukuwa na neno bora kuliko hilo.

Katuba, nyuma ya kituo cha mafuta. Ukuta mmoja tu katikati,
na mparachichi uliokauka nusu,
nusu ya upande wa pampu.

Tulianza kwa keekee ya mkono.
Mita ya kwanza: udongo mwekundu, uleule
unaopaka soksi za wanafunzi Lubumbashi nzima.
Mita ya pili: mwekundu, mnyevu, umetulia.
Mita ya tatu, Kyembe akageuza uso.
Ulitoka wa kijivu, kama nyama iliyosahauliwa sufuriani.
Nikautia chupani, nikafunga mbio,
maana ushahidi huu una mabawa:
ukiuachia mdomo wazi unaruka,
unabaki na udongo mtupu na aibu yako.
Shimo la nne, mita tatu, saa nne na robo.

Kisha visima, ua kwa ua,
nikishusha chupa kwa kamba
kama mtu anayevua asichotaka kukipata.
Kwa fundi cherehani: safi.
Kwenye kanisa la mabati: safi, wakaanza kuimba.
Kwa mjane Kapya: utando mwembamba,
zambarau, kijani, dhahabu, mzuri, Mungu anisamehe, mzuri,
ukajikunja ukingoni mwa ndoo kama kitenge kipya.

Mafuta hayazami.
Yanabebwa na maji kama mtoto mgongoni,
na mvua za Desemba zikija, kisima kikifura,
yanapanda nayo
yanabisha hodi chini ya sakafu.

Meneja alitupokea kwa soda baridi.
"Tangi langu ni chuma cha zamani," akasema,
"lilimzika baba yangu, litanizika na mimi."
Sikubishana. Niliomba daftari.

Kila asubuhi ufito unashushwa tangini,
unasomwa, unafutwa, namba inaandikwa.
Miaka mitatu ya asubuhi.
Nikajumlisha kwa penseli: kilichoingia, kilichouzwa, kilichobaki.
Lita arobaini hazionekani, kila wiki.
Hata wiki ile umeme ulipokatika,
pampu zikalala kuanzia Jumatatu hadi Jumapili,
lita arobaini zilitoka kwa miguu yao.

Pembeni, kwa wino mwekundu, mstari mmoja:
Mlinzi Kabamba amefukuzwa. Wizi.

Nikafunua ukurasa.
Wiki iliyofuata: arobaini.
Iliyofuata: arobaini.
Iliyofuata: arobaini na mbili.

Nilimkuta Ruashi, anaziba matairi ya baiskeli.
Nikamweleza kutu, tundu lisilozidi punje ya mtama,
nikamwonyesha namba. Hakucheka, hakulia.
Alizamisha mpira kwenye beseni,
akangoja mapovu yamwonyeshe penye kidonda.
"Udongo umeutia chupani," akasema, "maji umeyatia chupani.
Zile siku kumi na moja nilizolala kasho,
utazitia chupa gani?"

Ripoti ina kurasa thelathini na moja.
Ina ramani, ina mishale: uchafu unaelekea kusini
kwa mwendo wa mgonjwa anayejishika ukutani.
Kabamba yumo, kiambatisho cha pili.
Mkuu wangu alimfuta mara mbili, "si takwimu huyu,"
na mara mbili nikamrudisha.

Tangi halijafukuliwa. Wanasubiri sahihi.
Mama Mwadi sasa ananunua maji kwa bidoni, mitaa mitatu mbali.
Jana nilikaribishwa maharage, matamu, ya mawese.
Kitindamimba alichota, akainua kijiko,
akakinusa kwanza.
Nami nikanusa changu.